Daftari la Wageni: kila serikali hutaka liwe moja, na historia yake si vile unasikia jukwaani

UZI.

Kila baada ya miezi michache kuna mtu anasimama jukwaani na kusema: wageni wamejaa, hatujui wako wangapi, tuwe na daftari moja na ofisi moja ya kuwasajili wote, wanafunzi, wafanyakazi, wakimbizi, kila mtu. Umati unapiga makofi. Halafu wiki hiyo hiyo mwanafunzi kutoka Juba au Bujumbura anaposti kwamba pasi yake ya mwanafunzi imekaa miezi bila jibu, na jibu analopata kwa watu ni moja tu: rudi kwenu.

Hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Si kwa woga. Ni kwa sababu wazo hili limepita mikononi mwa wote, walio serikalini na walio upinzani, na wakibadilishana viti wanabadilishana pia hotuba. Wacha tuangalie daftari lenyewe limetoka wapi.

Kitu cha kwanza ambacho wengi hawajui: daftari kuu la kwanza la watu katika nchi hii halikuwa la wageni. Lilikuwa letu. Sheria ya kusajili wenyeji ilipitishwa 1915, Vita vya Kwanza vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa vita, 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande. Karatasi ilibeba jina lake, kabila lake, alama za vidole, na mwajiri aliandika humo kazi na mshahara. Iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, mtu akakitundika shingoni kwa kamba. Wazee walisema ni kama kengele ya mbuzi.

Lakini angalia ufundi wake. Ile karatasi ya shingoni ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa Nairobi, ambako nakala na alama za vidole ziliwekwa pamoja. Kijana akitoroka shamba la mlowezi, mwajiri anaripoti, karani anafungua faili, na jamaa anatafutwa hadi kwao. Hata akitupa kikebe mtoni, vidole havitupwi. Ndiyo maana kipande kilichukiwa kuliko kodi nyingine nyingi. Machi 1922 watu walipigwa risasi nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi wakidai kiongozi wao aliyekamatwa aachiliwe, na kipande kilikuwa moja ya malalamiko yaliyokuwa yamewakusanya.

Na wageni je? Mzungu na Mhindi hawakubeba kipande. Yaani aliyetoka ng'ambo alitembea mikono mitupu, aliyezaliwa hapa ndiye alionyesha karatasi. Tukiongea habari za daftari tusisahau mahali lilipozaliwa.

Baada ya Vita vya Pili serikali ya kikoloni ikabanwa. Askari Waafrika wamerudi, hawataki kikebe. Kwa hivyo 1947 ikaletwa sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote, wote kwa alama za vidole. Kwa sheria ya mkoloni hilo lilikuwa jambo kubwa. Hapo walowezi wakawaka. Mikutano, barua magazetini, vitisho vya kugoma. Hoja yao ilikuwa kwamba kuchukuliwa vidole ni jambo la wahalifu. (Miaka karibu 30 walikuwa hawajaliona hivyo.) Kelele ilikuwa kubwa mpaka ikaundwa tume ya mtu mmoja, Sir Bertrand Glancy, iliyotoa ripoti yake 1950. Suluhisho? Anayeweza kusoma na kuandika Kiingereza angeweza kutoa picha na sahihi badala ya vidole.

Hebu soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Daftari likawa moja kwa jina, lakini likawa na milango miwili, na aliyekuwa na shule na pesa akapita mlango laini. Mimi naona mtindo huo haujatuacha. Mwenye kampuni kubwa ana wakili wa kufuatilia kibali chake. Mwanafunzi ana simu na bando la shilingi hamsini.

Twende uhuru. Katiba ya 1963 iliwapa watu ambao hawakuwa raia moja kwa moja miaka miwili ya kuomba, hadi Desemba 1965. Hii iligusa hasa Wahindi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu, wengi wakiwa na pasipoti za Uingereza. Wengi hawakuomba. Wengine walisita, wengine waliomba wakachelewa, wengine karatasi zao zilikwama. Watu husimulia hili kana kwamba ni kiburi tu, lakini ukiwa na duka, watoto sita na nchi ambayo ina miaka miwili tu, kusita si dhambi.

Kisha ikaja Sheria ya Uhamiaji ya 1967, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huo. Asiye raia sasa alihitaji kibali cha kuingia na kufanya kazi, na kulikuwa na madaraja ya herufi kwa kila aina ya shughuli. Mwaka huo huo ikaja sheria ya leseni za biashara, iliyosema wasio raia wafanye biashara wapi na waache bidhaa gani. Hapo ndipo watu walifunga mabegi. Ndege za London zikajaa. Bunge la Uingereza nalo likakimbia: sheria ya kuwafungia mlango hawa wenye pasipoti zake yenyewe ilipita kwa siku chache na kuanza tarehe 1 Machi 1968. Watu wakabaki katikati. Huku si raia, kule hawaruhusiwi kushuka kwenye ndege.

Somo la 1967 na 1968 si kwamba vibali ni vibaya. Nchi yoyote ina haki ya kujua nani anafanya kazi ndani yake, na Wakenya wa wakati ule walikuwa na sababu nzuri za kutaka biashara na kazi za ofisi. Ila tarehe ya mwisho ni silaha. Ukiweka tarehe na huna makarani wa kutosha kushughulikia maombi kabla ya tarehe hiyo, unawafanya watu kuwa haramu wakiwa wamesimama pale pale.

Mwaka 1973 ikaongezwa sheria nyingine, ya kudhibiti wageni. Hii ndiyo ilitoa ile kadi ambayo kila mgeni wa muda mrefu hapa Kenya anaijua. Tofauti yake na kibali inachanganya watu mpaka leo, kwa hivyo niiseme polepole. Kibali au pasi ni ruhusa ya kukaa: kazi, masomo, biashara, dini. Kadi ni ushahidi kwamba umesajiliwa kama mgeni. Sheria ya leo inasema mgeni akikaa kihalali zaidi ya miezi mitatu mfululizo lazima asajiliwe. Sasa fikiria: bila kibali hupati kadi, na bila kadi unahangaika benki, kwa laini ya simu, kwa mwenye nyumba. Kibali kikichelewa, kila kitu nyuma yake kinachelewa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajifunza hilo kabla ya kujua maktaba iko wapi.

Vibali vikuu vya wageni hawa vikawa vinatoka Nyayo House. Jengo lile la ghorofa 27 pembeni mwa Uhuru Highway lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Juu, madirisha ya pasipoti na vibali. Chini, katika miaka hiyo hiyo ya 80, vyumba vya giza ambako Wakenya waliteswa kwa tuhuma za kisiasa, jambo ambalo serikali yenyewe ilikubali baadaye na vyumba vikafunguliwa watu waone mwaka 2003. Sisemi kwamba karani wa vibali alihusika. Nasema tu kwamba raia wa enzi hiyo alipoambiwa "faili lako liko Nyayo House" hakusikia sauti ya huduma.

Sasa tufike mahali ambapo naomba mkae kidogo, kwa sababu mijadala mingi huparuka hapa.

Mwaka 1989 serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya waliotimiza umri wa kitambulisho wajitokeze kukaguliwa upya. Sababu iliyotolewa ilikuwa kutenganisha raia na waliovuka mpaka. Mtu mwenye kitambulisho cha Kenya, baba yake mwenye kitambulisho cha Kenya, alikaa mbele ya jopo na kuulizwa ukoo wake, chifu wake, kisima chao. Aliyepita alipewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Kadi mbili kwa mtu mmoja, ya pili ikishuhudia kwamba ya kwanza si uongo. Wakenya wengine hawakuombwa kadi ya pili.

Miaka miwili baadaye serikali ya Somalia ikaanguka. Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991 na 1992, na Kakuma nayo 1992 kule Turkana. Mamia ya maelfu ya watu waliingia. Serikali iliachia shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, kazi kubwa ya kuwasajili na kuamua nani ni mkimbizi. Hadi 2006 hatukuwa hata na sheria yetu ya wakimbizi. Kwa hivyo kwa miaka mingi daftari kubwa kabisa la wageni nchini halikuwa la serikali.

Sasa zunguka nje ya kambi. Kaunti ya Garissa ya leo, miaka ya ukame. Familia ya Kikenya, mifugo imekufa, hakuna zahanati karibu. Kilomita chache kutoka hapo kuna kambi yenye maji, unga, mafuta ya kupikia, shule na daktari. Mzazi anafanya nini? Anampeleka mtoto, anaandikwa, anapata kadi ya chakula. Mtoto hajui kitu. Vidole vinawekwa.

Mtoto anafika miaka 18 na kwenda kwa msajili kuomba kitambulisho. Anaweka vidole. Mtambo unajibu: huyu ni mkimbizi. Basi. Imeisha.

Hao ndio watu wanaoitwa wenye usajili wa mara mbili, na wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Ni raia kwa kuzaliwa, lakini wameshikwa na daftari. Bila kitambulisho huwezi kujiunga na chuo ukapata mkopo wa masomo, huwezi kuajiriwa rasmi, huwezi kupiga kura, na kizuizi cha barabarani Garissa kwenda Nairobi hakipitiki. Wengine wamesubiri mpaka wakapata watoto, nao watoto wakaanza kusubiri. Kumekuwa na majopo ya ukaguzi, kukawa na ahadi, kukawa na kesi mahakamani.

Nataka uone kitu hapa. Kosa la mzazi mwenye njaa lilikuwepo tangu miaka ya 90. Lakini halikumuumiza mtoto mpaka siku yale madaftari mawili yalipoanza kuongea. Kuunganisha data kulifanya kazi sawasawa kama ilivyopangwa: kulikamata jina lililo sehemu mbili. Kilichokosekana ni dirisha la kurekebisha. Waliunda mtambo wa kupata makosa bila kuunda ofisi ya kuyasahihisha.

Ndiyo maana mtu akiniambia "tuunganishe kila kitu", swali langu la kwanza ni moja: nikikutwa na kosa ndani, nitaenda wapi, na siku ngapi?

Upande mwingine wa sarafu upo pia, na lazima niuseme maana kuna watu watasoma uzi huu na kusema mimi nataka vurugu. Madaftari yaliyotawanyika nayo yameumiza watu. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, polisi waliingia Eastleigh na mitaa mingine. Maelfu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Mule ndani kulikuwa na wakimbizi wenye karatasi halali, wageni wenye vibali, na Wakenya. Kwa nini walilala uwanjani? Sababu moja ni kwamba afisa wa usiku hakuwa na njia rahisi ya kuthibitisha karatasi. Karatasi ya UNHCR iko kwingine, kibali kiko Nyayo House, kitambulisho kiko kwa msajili. Asiyeweza kuthibitisha anafunga kwanza. Au anachukua kitu kidogo. Wakazi wa Eastleigh waliitana "mashine za pesa" kwa utani mchungu, na kila aliyeishi pale anajua maana yake. Daftari moja lenye uwezo wa kujibu saa nane usiku lingewalaza baadhi yao nyumbani.

Kwenye sheria, jibu lilikuwa limeshaandikwa. Mwaka 2011, baada ya katiba mpya, Bunge lilipitisha Sheria ya Uraia na Uhamiaji, ikafuta ile ya 1967 na ile ya 1973 ya wageni. Madaraja ya vibali yakapangwa upya: D ya kuajiriwa, G ya biashara, I ya dini, K ya mkazi wa kawaida, M ya mkimbizi, na kadhalika. Wanafunzi wakabaki na pasi yao, inayoombwa wakiwa na barua ya chuo. Adhabu ya kuwa nchini kinyume cha sheria ikafika hadi shilingi 500,000, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya pili ya kuunda huduma moja ya kusimamia raia na wageni pamoja. Yaani lile wazo la jukwaani lilishakuwa sheria. Umewahi kuona hiyo ofisi moja? Idara ziliendelea kuwa idara, kila moja na dirisha lake.

Kwa wakimbizi ikawa kizunguzungu zaidi. Serikali ilianza kuchukua usajili kutoka kwa UNHCR, ikaunda idara yake, kisha Mei 2016 idara hiyo ikavunjwa ghafla wakati wa tangazo la kufunga Dadaab, ikabadilishwa na sekretarieti. Mtu aliyekuwa na faili katikati alibaki akiuliza faili limehamia jengo gani.

Mei 2018 ikaja amri: wageni wote wenye vibali vya kazi waende kuhakikiwa ndani ya siku 60. Maafisa walikiri hadharani kwamba vibali vilivyotolewa ni vichache kuliko wageni wanaokisiwa kufanya kazi nchini, na kwamba vibali bandia vilikuwa vinazunguka. Hilo lilikuwa tatizo la kweli, tusidanganyane. Lakini jiulize vibali bandia vilitoka wapi. Muhuri haujipigi wenyewe. Mgeni alipanga foleni kuthibitisha karatasi ambayo alipewa na dirisha lile lile, na kama ilikuwa bandia, aliyemuuzia hakuwa kwenye foleni.

Mwaka uliofuata ikaja Huduma Namba. Watu hukumbuka kwamba ilikuwa ya raia, lakini mfumo wenyewe ulikusudiwa pia kwa wageni waliosajiliwa. Januari 2020 Mahakama Kuu ilisema mfumo hauwezi kuendelea bila kanuni za kutosha za kulinda data, na ikazuia kukusanya vinasaba na mahali mtu alipo. Oktoba 2021 mahakama ikasema kadi zilitolewa bila tathmini ya athari kwa faragha ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka. Pesa zilikuwa zimeshatumika. Hapo pia mtindo unajirudia: sisi huanza na mashine, sheria inafuata ikihema.

Leo maombi mengi ya vibali na pasi hufanywa mtandaoni. Naikubali hatua hiyo. Mwanafunzi wa Eldoret au Maseno asafiri usiku kucha hadi Nairobi kuacha fomu kwa nini? Ila fomu kwenda mtandaoni haimaanishi uamuzi umesogea. Maombi yanaanzia popote, lakini vidole na uamuzi vina vituo vyake, na bado Nairobi ndiyo Nairobi. Halafu Julai 2023 tukaona upande wa pili: mtandao wa huduma za serikali ulishambuliwa, ukayumba kwa siku kadhaa, na wageni waliokuwa wanaomba viza ikabidi wapewe wakifika uwanja wa ndege. Mlango mmoja ukikwama, nyumba nzima iko nje.

Tusiwaseme vibaya wetu peke yao. Wakenya wanaosoma Uingereza walizoea kadi ya plastiki ya ukaazi, wakaichukua posta au chuoni. Nchi ile ikaamua kuhamishia kila kitu kwenye akaunti ya mtandaoni, na kadi nyingi zikawekewa mwisho wa Desemba 2024 hata kama ruhusa ya mtu iliendelea zaidi. Serikali ikalazimika kuruhusu kadi zilizokwisha muda zitumike kusafiria kwa muda zaidi, kwa sababu si wote waliokuwa wamefungua akaunti.

Turudi kwa yule mwanafunzi wa mwanzo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza Julai 2010, na wanafunzi wa nchi wanachama wana haki ya kuja kusoma. Bujumbura iko ndani tangu 2007, Juba tangu 2016. Kwa hivyo yeye si mgeni wa kawaida, ni jirani mwenye mkataba. Mwenzake wa Mogadishu sasa naye yuko ndani ya jumuiya. Pasi yake ikichelewa wakati ile ya zamani imekwisha, kwa maandishi ya sheria anaanza kuonekana kama mtu asiye na ruhusa, ilhali aliyechelewa ni ofisi. Polisi akimsimamisha Roysambu saa mbili usiku hatamuuliza nani alichelewa.

Katiba yetu, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala wa haraka na wa haki. Inasema kila mtu, haisemi kila raia. Sheria ya kutekeleza kifungu hicho ilipitishwa 2015. Kwa hivyo atakayekuja wiki ijayo na hotuba ya daftari moja aulizwe mambo yaliyo kwenye karatasi tayari: ombi litajibiwa kwa siku ngapi, stakabadhi ya kuomba itamlinda mtu mpaka ajibiwe au la, na yule kijana wa Garissa mwenye vidole katika madaftari mawili atapewa kitambulisho kabla au baada ya mfumo mpya kuwashwa.

Mwenye uzoefu wa pasi ya mwanafunzi au usajili wa mara mbili, andika hapa chini. Usiweke namba ya faili wala picha ya kadi yako.